Tusimwambie Mtoto "Ndivyo Kilivyo": Funzo la Kitenzi "Wend"

Si mara moja wala mara mbili ambapo sisi tunaosimamia mazoezi ya kufundisha tumeketi nyuma ya darasa, daftari mapajani, tukamwona mwanachuo akilizima swali la mtoto badala ya kulijibu. Kisa kimoja miongoni mwa hivyo hakijatutoka moyoni, nacho ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya.

Lilikuwa somo la Kiingereza, darasa la tano. Andalio la somo lilikuwa safi, zana zilikuwa tayari, na ubao ulikuwa umegawanywa inavyotakiwa. Mwanachuo alifundisha wakati uliopita: "walk" huwa "walked", "play" huwa "played", "cook" huwa "cooked". Watoto walifuata, wakarudia, wakatoa mifano yao wenyewe. Kisha akawataka waandike sentensi moja moja juu ya mambo waliyoyafanya jana. Mtoto mmoja akaandika kwamba jana alikwenda mtoni, na mahali pa kitenzi akaweka "goed". Mwanachuo akapiga alama ya kosa kwa wino mwekundu, akaandika "went" juu yake, kisha akaisoma sentensi ile mbele ya wote. Darasa likaangua kicheko. Mtoto akasimama, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, kwa nini isiwe 'goed'?" Jibu likawa: "Ndivyo Kiingereza kilivyo. Kaa chini, ukariri." Akakaa. Mpaka kengele ilipolia hakunyosha tena mkono wake.

Jioni ile tulipokutana na mwanachuo yule kulijadili somo lake, tulikuwa tumejiandaa kumkosoa kwa kile kicheko. Alitusikiliza kwa utulivu, akakubali kosa lake, kisha naye akatuuliza: "Samahani, mwalimu, ningemjibu nini?" Yatupasa tukiri kwamba hatukuwa na jibu. Sisi nasi tulikuwa tumeikariri "go, went, gone" utotoni kama mtu anavyokariri namba za meza ya kuzidisha, na haikutupitia akilini kuuliza ilikotoka. Swali la mtoto wa darasa la tano lilikuwa limewashinda watu wazima wawili, na mmoja wao alikuwa mkufunzi.

Tangu siku ile tumelitafuta jibu. Katika makala haya tutalieleza, kisha tutaonyesha kwa nini tunaamini kwamba linamhusu mwalimu wa shule ya msingi, hata yule ambaye hatafundisha Kiingereza maisha yake yote.

Kitenzi kilichosahauliwa

Kiingereza kina kitenzi ambacho siku hizi ni nadra sana kusikika, nacho ni "wend". Maana yake ya leo ni kujiendea taratibu, bila haraka, kwa njia ambayo pengine inapinda huku na huku, kama afanyavyo mtu anayerudi nyumbani jioni na hana linalomkimbiza. Waingereza wenyewe hukitumia karibu katika fungu moja tu la maneno, "wend one's way", yaani kushika njia na kwenda zako. Nje ya fungu hilo, msomaji atakikuta zaidi katika mashairi na vitabu vya zamani.

Lakini hapo kale kitenzi hiki hakikuwa mgeni kwa mtu yeyote. Katika Kiingereza cha kale, yaani lugha iliyosemwa Uingereza kabla Wanormani hawajaiteka nchi hiyo mwaka 1066, umbo lake lilikuwa "wendan", na maana yake ya kwanza ilikuwa kugeuza. Ndugu zake wangali hai katika lugha za jirani: Wajerumani na Waholanzi hadi leo wanasema "wenden" kwa maana ya kugeuza. Kutoka kugeuza ikaja maana ya kugeuka. Na kwa kuwa mtu anayegeuka huwa anaelekea mahali pengine, ikaja maana ya kuondoka na kwenda. Safari hiyo ya maana si ngeni kwetu. Mswahili akisema kwamba fulani "ameshika njia", hamaanishi kwamba ameikamata kwa mkono.

Hapa mwanachuo anayeijua vema sarufi ya Kiswahili atapata furaha. "Wendan" ilizaliwa kutokana na kitenzi kingine, "windan", ambacho leo ni "wind" kwa maana ya kujipinda na kuzunguka. Uhusiano wa viwili hivyo ni ule ule uliopo kati ya "geuka" na "geuza", au "zunguka" na "zungusha". Kwa maneno mengine, "wend" ni kauli ya kutendesha ya "wind". Kiingereza cha leo kimeipoteza njia hiyo ya kuunda maneno, lakini mabaki yake yamo. "Fall" ni kuanguka, na "fell" ni kuangusha, hasa kuangusha mti. "Lie" ni kulala, na "lay" ni kulaza. "Sit" ni kuketi, na "set" asili yake ni kuketisha. "Drink" ni kunywa, na "drench", ambayo leo ni kulowesha chapachapa, asili yake ni kunywesha. Mwanzoni palikuwa na sauti ndogo katika kiishio cha kitenzi, nayo ndiyo iliyoibadili irabu ya shina kisha yenyewe ikatoweka. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanatueleza jambo linalofanana na hilo kuhusu "lala" na "laza", "pona" na "ponya", "ogopa" na "ogofya": sauti ndogo ya kutendesha iliyokuwa mwishoni imeacha alama yake katika konsonanti. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimepita njia zinazofanana. Je, mtoto anayeambiwa hivyo ataendelea kukiona Kiingereza kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni?

Neno lililohama nyumba

Sasa tuje kwenye swali la mtoto wetu. Tuviandike vitenzi hivi ubaoni: "send" huwa "sent", "lend" huwa "lent", "bend" huwa "bent", "spend" huwa "spent". Je, "wend" itakuwa nini? Mtoto yeyote mwenye masikio atajibu: "went". Na hilo ndilo jibu. "Went" haikuzaliwa katika nyumba ya "go". Ilikuwa wakati uliopita wa "wend", tena ulioundwa kwa kufuata utaratibu ule ule wa ndugu zake.

Kwa nini basi ikahama? Kitenzi "go", ambacho katika Kiingereza cha kale kilikuwa "gan", hakikuwa na wakati uliopita uliotokana na shina lake. Palipohitajika kusema "alikwenda", Waingereza wa kale walitumia "eode", neno la shina jingine kabisa. Kadiri karne zilivyopita, "eode" ilichakaa. Ikawa "yede" na "yode", ikafifia. Wakati huo huo "wend" ilikuwa imekwisha kupata maana ya kwenda, na "went" yake ilikuwa tayari midomoni mwa watu. Watu wakaichukua wakaiweka mahali pa ile iliyochakaa, na kufikia karne ya 15 jambo hilo lilikuwa limekwisha kuwa la kawaida katika sehemu kubwa ya Uingereza. Mshairi Edmund Spenser, aliyefariki mwaka 1599, alilitumia neno "yode" kwa makusudi ili mashairi yake yawe na ladha ya kale. "Wend" yenyewe, baada ya kunyang'anywa vazi lake, ililazimika kushonewa jipya. Leo wakati wake uliopita ni "wended".

Limebaki jambo moja ambalo kila mwalimu anayecheka "goed" ingefaa alijue. Huko Uskoti mambo hayakwenda hivyo. Waskoti hawakuazima "went". Waliunda wakati uliopita kutokana na kitenzi chenyewe kwa kukipa kiishio cha kawaida, wakapata "gaed". Robert Burns, mshairi wao mashuhuri aliyeishi kati ya mwaka 1759 na 1796, alilitumia neno hilo katika mashairi yake bila kuona haya. Mtoto wetu, katika dawati lake, alikuwa amefanya vile vile walivyofanya Waskoti. Kosa lake ni kwamba alizaliwa mbali na Uskoti.

Kosa lenye akili

Tunasema hivi si kwa mzaha. Yatupasa tutofautishe kosa la mtoto asiyesikiliza na kosa la mtoto aliyesikiliza sana. Aliyeandika "goed" hakuisikia "goed" kwa mtu yeyote. Aliisikia kanuni, akaielewa, akaitumia mahali papya. Na hilo ndilo lengo tulilokuwa tumeliandika katika andalio la somo! Mwaka 1958 mtaalamu Jean Berko alichapisha utafiti wake juu ya watoto wa Kimarekani wenye umri wa miaka 4 hadi 7. Aliwapa maneno ya kubuni, ambayo hawakupata kuyasikia kamwe, akawataka wayatumie katika wingi na katika wakati uliopita. Watoto waliweza. Ilidhihirika kwamba mtoto hakariri maneno tu kama kasuku, bali huchota kanuni kutoka katika anayoyasikia. Ndiyo maana hata watoto wa Waingereza, ambao Kiingereza ni lugha waliyoinyonya pamoja na maziwa, hupita katika kipindi cha kusema "goed", na wengi wao huwa walikwisha kusema "went" kabla ya hapo. Hawajarudi nyuma, wameigundua kanuni.

Basi mwalimu anayepiga alama nyekundu na kuruhusu kicheko anaadhibu nini? Anaadhibu fikra. Mtoto anajifunza siku hiyo kwamba shuleni kufikiri kuna hatari, na kwamba usalama umo katika kungojea mwalimu aseme kwanza. Somo hilo atalikumbuka hata atakapokuwa amekwisha kuisahau "went". Atalichukua mpaka kwenye hisabati, mpaka kwenye sayansi, na mpaka kwenye mkutano wa kijiji atakapokuwa mtu mzima. Elimu ya Kujitegemea, kama ilivyoelezwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilisisitiza kwamba shule ijenge akili yenye kudadisi. Udadisi hauwezi kujengwa kwa hotuba siku ya kufunga shule. Hujengwa, au huvunjwa, katika nusu dakika ile ambayo mtoto amesimama akingoja kujibiwa.

Lipo na jambo la pili, nalo linahusu heshima. Wengi wetu tumelelewa katika fikra kwamba Kiingereza ni lugha ya watu wenye akili, na kwamba tusipokielewa kasoro ni yetu. Kanuni yake inapovunjika, twadhani umo utukufu fulani tusioufikia. Historia ya "went" inatuonyesha kwamba Kiingereza, kama lugha nyingine zote, kimeshonwa kwa viraka na watu wa kawaida, wakulima na wachungaji, waliochukua neno lililokuwa karibu. Kiswahili nacho kina viraka vyake, wala hatuvionei haya. Twasema "mimi ni mwalimu", lakini jana hatusemi "nilini mwalimu". Twaazima kitenzi kingine na kusema "nilikuwa mwalimu". Twaamuru "soma" na "lima", lakini kwa "kuja" twasema "njoo", na kwa "kwenda" twasema "nenda". Mtoto wa Kiswahili anavitumia viraka hivyo kila siku bila taabu. Anayeonyeshwa hivyo hatakiogopa Kiingereza, wala hatakidharau Kiswahili.

Na kitenzi "wendan" kina kumbukumbu nyingine inayotuhusu. Maana mojawapo ya neno hilo ilikuwa kufasiri, yaani kugeuza maneno kutoka lugha moja hadi nyingine. Mfalme Alfred, aliyetawala Wessex kuanzia mwaka 871 hadi 899, alisikitika kuona jinsi elimu ilivyodidimia katika nchi yake, kwa kuwa vitabu vilikuwa katika Kilatini na waliokielewa walikuwa wachache mno. Katika dibaji ya kitabu kimojawapo alichokifasiri alishauri kwamba vitabu vya lazima vigeuzwe katika lugha ambayo wote wataielewa, na vijana wafundishwe kwanza kusoma Kiingereza. Neno alilolitumia kwa kazi hiyo ya kugeuza ni hilo hilo "wendan". Tanzania ilipoamua mwaka 1967 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za msingi, haikufanya jambo la ajabu. Kiingereza chenyewe wakati mmoja kilikuwa lugha ya wanyonge iliyohitaji kutetewa.

Namna ya kulifundisha

Mwanachuo atatuuliza: nifanye nini kesho asubuhi? Tunapendekeza hatua chache.

Kwanza, mpokee mtoto. Mwambie: "Umefuata kanuni vizuri. Neno hili lina historia yake." Kicheko kikianza, kizime hapo hapo kwa kueleza kwamba hata watoto wa Waingereza husema hivyo.

Pili, andika ubaoni "send, lend, bend, spend" pamoja na wakati wao uliopita, kisha uandike "wend" na uache nafasi. Waache watoto waijaze wenyewe. Watakapoifikia "went", utaona nyuso zao zikibadilika. Waeleze kwa ufupi hadithi ya neno lililohama nyumba. Kazi yote hiyo haizidi dakika tano.

Tatu, usilifanye neno "wend" kuwa msamiati wa kukariri, wala usilitungie swali la mtihani. Ni neno adimu. Mtoto hatalihitaji sokoni wala katika barua. Tunalitaja kama mtu anavyoonyesha mzizi wa mti: hauliwi, lakini unaeleza kwa nini tawi limesimama.

Nne, maneno yasiyofuata kanuni yafundishwe kwa kutumiwa, si kwa orodha. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa vitenzi 177 ambavyo havikufuata kanuni katika Kiingereza cha kale. Kati ya hivyo, ni 98 tu ambavyo hadi leo havifuati kanuni. Vilivyobaki vimenyooka, kama "help", ambayo zamani wakati wake uliopita ulikuwa "holp" na sasa ni "helped". Walibaini kwamba kitenzi kinachotumika mara nyingi hudumu na umbo lake la kale, na kinachotumika mara chache hunyooka upesi. Ndiyo maana vitenzi vya kila siku, kama "go", "say", "see" na "take", ndivyo vyenye ukaidi. Funzo kwa mwalimu ni wazi: kilichohifadhiwa kwa matumizi ya kila siku hujifunzwa kwa matumizi ya kila siku. Hadithi fupi yenye "went" mara kumi itamfaa mtoto kuliko orodha ya vitenzi hamsini ukutani.

Tano, usipojua jibu, usibuni. Asili za maneno huvutia waongo. Sema: "Sijui, tutatafuta," kisha utafute kweli, na urudi na jibu. Mwalimu anayesema sijui hapungukiwi na kitu, anayedanganya atagunduliwa.

Pingamizi

Tunajua kwamba wapo watakaotupinga. Watasema: darasa lina watoto sabini au zaidi, kipindi ni kifupi, silabasi ni ndefu, na mtihani hauulizi historia ya "went". Hayo ni kweli, nasi hatuyapuuzi, kwa kuwa tumefundisha katika madarasa hayo hayo. Lakini hatudai kila neno lichimbwe mpaka kwenye mizizi. Mwalimu atakayejaribu hivyo hataufikia mwisho wa muhula, na watoto wake watajua mengi juu ya Kiingereza bila kukijua Kiingereza chenyewe. Tunadai jambo dogo zaidi: mtoto anapouliza "kwa nini", asijibiwe "ndivyo kilivyo" kana kwamba swali lake ni utovu wa adabu. Kama muda hautoshi, liandike swali pembeni mwa ubao na uahidi kulirudia. Ahadi hiyo itimizwe.

Wengine watasema kwamba mwalimu wa shule ya msingi hana vitabu vya kumwezesha kujua mambo haya. Kwa sehemu ni kweli. Lakini kamusi nzuri ya Kiingereza huonyesha asili ya neno katika mstari mmoja mwishoni mwa maelezo, na nakala yake moja katika ofisi ya walimu inaweza kuwafaa walimu wote. Sisi wenyewe tuliipita mistari hiyo kwa miaka mingi bila kuisoma.

Hitimisho

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Walisema pia kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hizo mbili zinakutana katika kisa cha mtoto wetu: aliuliza asili ya neno, akaketishwa chini.

Hatujui mtoto yule alifika wapi. Mazoezi ya kufundisha yalikwisha na sisi tukaondoka. Mwanachuo yule, hata hivyo, alirudi darasani siku ya pili kabla hatujapata jibu lolote. Alisimama mbele ya darasa, akasema kwamba swali la jana lilikuwa zuri, kwamba yeye hakujua jibu lake, na kwamba asingepaswa kuliacha darasa licheke. Hatukumwagiza afanye hivyo. Katika fomu ya tathmini hapakuwa na mahali pa kuliandika jambo lile, kwa hiyo tuliliandika pembeni.